Hali ya Moyo wa Mama Mzazi Isiachwe Nje ya Kliniki

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Makote na sehemu nyingine za Newala na Masasi)

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma,

Kila siku ya kliniki, katika zahanati na vituo vya afya vya Newala na Masasi, akina mama hupanga foleni wakiwa na watoto mgongoni. Mtoto huvuliwa nguo, huning'inizwa kwenye mzani, na uzito wake huandikwa katika kadi. Mama huulizwa kama mtoto ananyonya, kama anakohoa, kama anaharisha, kama amekwisha chanjwa. Maswali hayo ni mema, na yameokoa maisha ya watoto wengi tangu huduma za mama na mtoto ziliposambazwa vijijini katika miaka ya 1970. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kusikika katika foleni hiyo: “Na wewe mama, moyo wako u hali gani?”

Kukosekana kwa swali hilo ndiko kunakozungumzwa hapa. Huenda mtu akauliza kwa nini mambo ya uuguzi yaelezwe kwa walimu, makarani, maofisa watendaji na mabwana shamba, badala ya kuachiwa waganga. Jibu ni kwamba maradhi haya huonekana kwanza mbali na hospitali. Mwalimu ndiye anayeona mwanafunzi aliyezoea kuwahi akianza kuchelewa kila siku kwa sababu mama yake hawezi kuamka. Mkuu wa shule ndiye anayempokea mwalimu mwanamke aliyerudi kutoka likizo ya uzazi akiwa amekonda na haongei na mtu. Ofisa mtendaji wa kijiji ndiye anayepelekewa mashauri ya mume anayelalamika kwamba mke wake “amebadilika tangu azae.” Kabla mganga hajaitwa, watu hawa huwa wamekwisha kuona dalili. Kinachokosekana ni kujua kwamba walichokiona ni ugonjwa.

MARADHI YENYEWE

Yako mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na ni muhimu yatenganishwe.

La kwanza ni huzuni ndogo ya siku za mwanzo. Wanawake zaidi ya nusu wanaojifungua hupatwa nayo. Huanza kiasi cha siku ya tatu au ya nne. Mama hulia bila sababu anayoweza kuieleza, hukasirika upesi, kisha baada ya muda hucheka. Chanzo chake kikubwa ni mabadiliko ya ghafula ya homoni mwilini pamoja na uchovu wa uzazi. Hali hii haihitaji dawa. Inahitaji usingizi, chakula, na mtu wa kumshika mtoto ili mama apumzike. Kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya wiki mbili.

La pili ni sonona baada ya kujifungua. Hapa huzuni haiondoki. Wiki mbili hupita, mwezi hupita, na mama bado amezama katika majonzi. Hana hamu ya chakula, au anakula bila kuonja ladha. Usingizi haumjii hata mtoto anapolala. Anajiona hafai kuwa mama. Wengine humwangalia mtoto wao kana kwamba ni mtoto wa jirani. Wengine huwa na hofu isiyokwisha kwamba mtoto atakufa, wakaamka mara kumi usiku kusikiliza kama anapumua. Mara nyingi mama wa namna hii hasemi kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Akifika zahanati hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani na ugonjwa wake uleule. Sonona hii inaweza kuanza wakati wa ujauzito, na inaweza kuanza miezi kadhaa baada ya kujifungua.

La tatu ni wazimu wa uzazi. Huu ni nadra, humpata mama mmoja au wawili katika kila elfu moja, lakini ni wa hatari kubwa. Huanza ghafula, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Mama halali kabisa, husema maneno yasiyoeleweka, husikia sauti zisizosikika kwa wengine, au huamini kwamba mtoto si wake au kwamba mtoto ana pepo. Mama huyu asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, wala asiachiwe mtoto, wala asifungwe kamba. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tena ni lazima apimwe mwili mzima, kwa sababu malaria kali, maambukizo ya kizazi na kifafa cha mimba vinaweza kuleta kuchanganyikiwa kwa namna hiyo, na vyote hivyo huua visipotibiwa.

SI MARADHI YA UGENINI

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya wanawake wa Ulaya wanaokaa peke yao katika nyumba za ghorofa, na kwamba bibi wa zamani walizaa watoto kumi bila kujua sonona ni kitu gani. Usemi huu unapendeza masikioni, lakini hauna ukweli.

Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza aitwaye John Cox alifanya kazi Uganda na kuwachunguza wanawake wa Kiganda wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Aligundua kwamba sonona iliwapata kwa kiasi kilichokaribiana na cha wanawake wa Uskochi aliowachunguza baadaye. Zaidi ya hayo, alikuta kwamba Waganda wenyewe walikuwa na jina la zamani la kuchanganyikiwa kwa mama mzazi, yaani amakiro. Waliamini kwamba mama mwenye amakiro anaweza kutaka hata kumla mtoto wake, na kwamba chanzo chake ni uzinzi uliofanywa wakati wa mimba. Ugonjwa, basi, ulikuwapo na ulijulikana kabla ya daktari huyo kufika. Kilichokuwa na kasoro ni maelezo ya chanzo chake, kwa maana yalimfanya mgonjwa aonekane mkosaji. Mwaka 1987 Cox na wenzake walitoa dodoso la maswali kumi ambalo leo hutumiwa katika nchi nyingi kuwatambua akina mama wenye sonona. Mtu aliyesaidia kutunga dodoso hilo alikuwa amekwisha kujifunza mengi kutoka kwa wanawake wa Afrika Mashariki.

Hapa Tanzania, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake wamefanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya jambo hili. Katika uchunguzi wao mmoja wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2010, karibu wanawake wajawazito wanne katika kila kumi walikuwa na dalili nzito za sonona, na dalili hizo zilihusiana na hali ya uchumi na uhusiano wao na waume au wenzi wao. Shirika la Afya Duniani nalo limekadiria kwamba kiasi cha asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni duniani hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiasi hicho hukaribia asilimia 20. Kwa hesabu hiyo, katika foleni ya akina mama kumi wanaosubiri mzani, wawili huenda wanaumwa ugonjwa ambao hakuna aliyewauliza.

Walimu wanao ushahidi mwingine, nao huusoma kwa sauti kila asubuhi wanapoita majina. Katika madaftari ya mahudhurio ya shule za Kusini wamo watoto waitwao Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua. Majina haya hutolewa kwa sababu mbalimbali, na aliyepewa huyabeba bila haya. Lakini mara nyingi jina la namna hiyo ni taarifa fupi ya hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa: mume alikuwa amekwenda, au chakula kilikuwa hakuna, au mama alikuwa amefiwa. Bibi wa zamani walioambiwa kwamba hawakujua huzuni ya uzazi waliiandika katika majina ya watoto wao, kwa kuwa hapakuwa na kadi nyingine ya kuiandikia.

MILA INASAIDIA, LAKINI HAITOSHI

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Newala na Masasi ni watu wa ukoo wa mama. Kwa desturi ya asili, mume ndiye aliyehamia kwa wakwe, na binti alijifungua akiwa amezungukwa na mama yake, mama wakubwa, mama wadogo na bibi. Mjomba alikuwa na sauti juu ya namna dada zake na watoto wao wanavyotendewa. Wasichana walifundishwa unyagoni, na kwa Wayao palikuwa na litiwo, mafunzo ya mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Baada ya kuzaa, mzazi alikaa ndani, akapikiwa uji, akakandwa kwa maji ya moto, na kazi za shamba zikafanywa na wengine. Mtu asiidharau hekima hii. Wataalamu wa leo wanaposema kwamba kinga kubwa ya sonona ni msaada wa watu wa karibu na mapumziko, wanasema lile ambalo makungwi walilitenda zamani.

Hata hivyo, ulinzi huo una mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni kwamba si kila mwanamke anao. Mwalimu kijana aliyezaliwa Bukoba au Singida na kupangiwa shule ya kijijini Newala hujifungua akiwa mbali na mama yake kwa safari ya siku mbili au zaidi. Muuguzi aliyehamishiwa Masasi yumo katika hali hiyohiyo. Kwa jirani huonekana ni mtu mwenye mshahara asiyehitaji msaada, kumbe ndiye mpweke kuliko mkulima wa hapo. Taifa lililowafundisha vijana wake kwenda kulitumikia popote halina budi kukumbuka kwamba anayekwenda mbali huacha nyuma ile mikono ambayo ingempokea mtoto wake.

Mpaka wa pili ni mafunzo yenyewe. Msichana hufundishwa kuvumilia na kutotoa nje siri za nyumba. Fundisho hilo lina faida yake, lakini mama mgonjwa hulielewa kuwa amri ya kunyamaza. Anaogopa kuambiwa kwamba amedeka, au kwamba wenzake walizaa na hawakusema kitu. Mwenye wazimu wa uzazi hushukiwa kurogwa au kufanya uasherati, na wiki za thamani hupotea katika kutafuta mchawi.

Mpaka wa tatu ni umri. Msichana aliyepata mimba akiwa bado mwanafunzi hulemewa na mambo mawili kwa pamoja, mtoto na aibu. Waraka wa Serikali wa Novemba 2021 ulifungua mlango wa wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Lakini msichana anayerudi darasani huku akichekwa na wenzake, na maziwa yakimvuja wakati wa hesabu, amefunguliwa mlango nusu tu. Nusu ya pili imo mikononi mwa mwalimu.

Isidhaniwe kwamba mila haziwezi kuongezewa jambo jipya. Historia ya Masasi inaonyesha kinyume. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alijulikana mbali kwa juhudi za kulingamanisha jando na unyago na mafundisho ya Kikristo. Wapo waliomsifu na wapo waliombisha, lakini desturi hizo zilionyesha kwamba zinaweza kupokea mafunzo mengine zikaendelea kuishi. Kama ziliweza kupokea mambo ya dini, hazitashindwa kupokea neno moja la afya: kwamba mzazi anayelia zaidi ya wiki mbili hajadeka, ni mgonjwa, naye apelekwe kliniki.

MZIGO WA NYUMBANI

Sonona haina chanzo kimoja. Mwanamke aliyewahi kuugua kabla, au ambaye ndugu zake waliugua, yumo katika hatari zaidi. Upungufu wa damu, uzazi mgumu na kufiwa na mtoto huongeza hatari hiyo. Lakini sehemu kubwa ya mzigo hutoka nyumbani na shambani, na hapo ndipo jamii ina uwezo wa kuupunguza.

Chukua suala la maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonywa mvua yote. Vijiji viko juu na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Tangu zamani wanawake wa Newala waliteremka mabondeni na kupanda na vyombo vya maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Kazi hiyo ilipunguza adha kwa kiasi kikubwa. Lakini pampu inapoharibika, anayerudi bondeni ni mwanamke, na kama ni mzazi wa wiki tatu asiye na ndugu, ni yeye na mtoto wake mgongoni. Mtu asiyelala usiku kwa kunyonyesha, kisha akapanda mlima na ndoo kabla ya jua kuchomoza, hawezi kushangaza akivunjika moyo.

Chukua pia msimu wa korosho. Miezi ya Oktoba na Novemba ndiyo ya kuokota, na mvua zikianza ndiyo ya kuandaa mashamba ya chakula. Mwanamke aliyejifungua katika miezi hiyo hupumzika siku chache tu. Baadaye fedha za mnada huja. Katika nyumba nyingi hupangwa kwa maelewano, lakini zipo nyumba ambazo mwenye kuzipokea ni mmoja na mwenye kuziokota ni mwingine, na hapo huzaliwa ugomvi. Mwanamke anayepigwa wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua yumo katika hatari kubwa zaidi ya sonona. Kwa sababu hiyo mtendaji wa kijiji anayesikiliza shauri la kupigwa kwa mama mwenye mtoto mchanga asilichukue kuwa ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Anashughulikia afya ya watu wawili, na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi lipo kwa kazi hiyo.

MTOTO NAYE HULIPA

Mtu asiyeguswa na taabu ya mama huenda akaguswa na habari za mtoto. Mama mwenye sonona huona vigumu kunyonyesha kwa muda wote unaotakiwa, huchelewa kumpeleka mtoto kwenye chanjo, na hana nguvu ya kucheza wala kuzungumza naye. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Malawi, nchi jirani yenye Wayao wengi, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha uhusiano kati ya maradhi ya akili ya mama na kudumaa kwa mtoto. Mwalimu wa darasa la kwanza anaposhangaa kwa nini mtoto fulani ni mfupi, mzito wa kusema na mwoga, huenda anatazama matokeo ya miezi ambayo mama yake aliumwa bila kutibiwa.

Basi kliniki inayompima mtoto uzito na kumwacha mama bila kumwuliza hali inasoma nusu ya kadi. Uzito usiopanda ni dalili. Mara nyingine dawa yake ni uji wenye lishe. Mara nyingine dawa yake ni kumtibu mama.

SHERIA INAVYOSEMA

Liko jambo la kufikirisha katika sheria za nchi. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, ina kifungu cha 199 kuhusu mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake mwenyewe wa chini ya miezi 12. Endapo mizani ya akili yake ilikuwa imevurugika kwa kutopona kikamilifu athari za kuzaa, au kwa athari za kunyonyesha, kosa lake halihesabiwi kuwa mauaji ya kukusudia. Anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Maana yake ni kwamba mahakama imekiri kwa miongo mingi kuwa kuzaa kunaweza kuvuruga akili ya mama. Lakini mahakama huuliza habari za akili hiyo mtoto akiwa amekwisha kufa na mama akiwa kizimbani. Swali ambalo hakimu analiuliza kwa kuchelewa, muuguzi angeweza kuliuliza mapema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Inampa baba siku tatu. Haki hizi hazikuwekwa kwa hisani. Mkuu wa kituo anayempigia simu mwalimu aliye likizo ili arudi kusahihisha mitihani, au anayenung'unikia saa za kunyonyesha mbele ya walimu wenzake, anavunja sheria na pia anaongeza mzigo juu ya mtu ambaye huenda tayari ameelemewa. Na baba anayetumia siku zake tatu kukaa kijiweni amezipokea bila kujua ni za nini.

YANAYOWEZEKANA

Itasemwa kwamba wahudumu ni wachache, madaktari wa akili ni wachache zaidi, na kwamba kumwongezea muuguzi kazi nyingine ni kumwonea. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu, nayo inastahili kujibiwa.

Kwanza, tiba ya maradhi ya akili si lazima ikae katika hospitali kubwa tu. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, na kwa miaka mingi mgonjwa wa Kusini alionekana kana kwamba hana tiba mpaka asafirishwe huko. Mapema katika miaka ya 1980 Tanzania ilianza mpango wa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro wa kuingiza huduma hizo katika hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati. Fikra hiyo ilikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Pili, watu wasio madaktari wanaweza kufanya kazi kubwa wakifundishwa. Huko Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari, walifundishwa na Daktari Atif Rahman na wenzake namna ya kuzungumza na akina mama wenye sonona katika ziara zao za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona miongoni mwa akina mama hao walikuwa asilimia 23, na kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutafuta njia ya kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Bibi na benchi havikosekani Newala, wala havikosekani Masasi.

Tatu, nafasi za kuuliza zipo tayari na hazihitaji safari mpya. Mama anatakiwa kuonwa katika saa 48 za kwanza, siku ya saba, siku ya 28 na siku ya 42. Baadaye humleta mtoto kwa chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Katika siku yoyote kati ya hizo yaweza kuulizwa maswali mawili, bila mkwe wala mume kusikiliza: Je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Akijibu ndiyo, aulizwe pia kama amewahi kufikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humpunguzia upweke wa kuwa nalo. Nchini Uingereza, ambako kila kifo cha mama huchunguzwa, imeonekana kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua.

Lakini kuuliza bila kuwa na la kufanya ni ukatili. Kila zahanati haina budi kujua mapema mgonjwa atapelekwa wapi na kwa usafiri gani: hospitali ya Newala, Mkomaindo, Ndanda, au hospitali za rufaa za Mtwara. Kijiji kinachochanga fedha kwa ajili ya kumsafirisha mama aliyeshindwa kujifungua kiamue kwamba mfuko huohuo unamhusu na mama aliyechanganyikiwa. Wagonjwa wengi watapona kwa mazungumzo, mapumziko na msaada wa kazi za nyumbani. Wachache watahitaji dawa, nazo zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa mama huku akiendelea kunyonyesha.

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma,

Kazi inayobaki kwa mtumishi asiye mganga inaweza kutajwa kwa maneno machache. Mkuu wa shule amtembelee mwalimu wake aliyejifungua, naye aende na mke wake au mwalimu mwanamke, asiende kuuliza tarehe ya kurudi kazini. Walimu wenzake wagawane zamu ya kumchotea maji na kumpikia, hasa kama ametoka mbali. Mwalimu wa malezi amkalishe mahali pa faragha msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, amsikilize, na awakemee wanaomcheka. Mtendaji wa kijiji atumie mkutano wa hadhara kueleza kwamba kichaa cha uzazi hakitoki kwa mchawi wala kwa uasherati. Makungwi waitwe kliniki waelezwe, kisha waachiwe waeleze kwa lugha yao. Na kila mume aliyemo katika utumishi wa umma aanze na nyumba yake, kwa sababu kijiji hutazama mtumishi anavyoishi kabla ya kusikiliza anavyosema.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mwili wa mzazi usemi huo ni wa kweli: asiulizwe kama anataka uji, apelekewe. Lakini ugonjwa wa moyo hauna jipu wala homa ya kuonekana, na mwenye nao amefundishwa kunyamaza. Huyo asipoulizwa, hatasema. Na kumwuliza hakuhitaji jengo jipya wala fungu la bajeti. Kunahitaji mtu mmoja anayemheshimu, nafasi ya kukaa pembeni, na subira ya kungojea jibu.